Jasho kwenye Bomba la Mzee Feni

Saa nne asubuhi, Mzee Feni anaweka chupa yake ya maji kwenye rafu iliyo nje ya mlango, kama alivyofanya tangu aajiriwe hapa, kisha anaingia kwenye ukumbi ambao leo utafunguliwa maji.

"Chupa ya nusu lita hairuhusiwi," anasema, akicheka kicheko kisichofika machoni. "Lakini tazama mabomba yanapopita."

Huu ni ukumbi wa seva, kompyuta kubwa zinazobeba kazi za benki, hospitali na simu za watu. Mzee Feni ni fundi wa viyoyozi, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake imekuwa kuzipoza. Jina alipewa na mfagizi wa jengo, kwa sababu feni ikianza kuumwa yeye huijua kwa mlio tu.

Humu ndani, maji yalikuwa adui. Aliwahi kumrudisha mkurugenzi mlangoni kwa ajili ya kikombe cha chai, na kisa hicho bado husimuliwa kwa kila mgeni kazini.

Kisha ikaja akili bandia. Kabati moja la mashine zake linakula umeme uliokuwa ukitosha safu nzima, na umeme huo wote hugeuka joto. Viyoyozi vilinguruma kutwa kucha, vikasalimu amri. Wenye kituo wakaamua maji yapite ndani ya makabati yenyewe, yalibebe joto na kulitoa nje. Nusu ya feni zikang'olewa.

"Nilizitazama zikipakiwa kwenye lori," anasema. "Nilijiona na mimi nimekaa humo humo."

Imebaki nafasi moja ya kudumu, ya msimamizi wa maji. Wanaoiwania ni wawili: yeye, na fundi bomba wa mkataba wanayemwita Koki, baba wa watoto wadogo, ambaye ndiye aliyeunga mabomba yote. Jaribio la leo ndilo litakaloamua. Koki anawajibika kwa viungo vya mabomba. Mzee Feni anawajibika kwa joto la maji.

Mhandisi kiongozi, mwanamke anayelingana na binti yake wa kwanza, anainua mkono. Koki anafungua. Maji yanapita kwa sauti ndogo, na watu wote wanasimama kama waliopigwa picha.

Tone la kwanza linaangukia sakafuni, hatua moja tu kutoka kwenye kabati.

Macho yote yanamgeukia Koki. Anapiga magoti, anafuta kiungo kwa kitambaa. Kinakauka, kisha kinalowa tena. Anaapa kwamba amekikaza kwa mkono wake mwenyewe. Mhandisi anaagiza maji yafungwe, kisha anamwambia Koki, bila kupandisha sauti, akusanye vifaa vyake.

Mzee Feni anashika bomba. Lina baridi kama limetoka kwenye friji, na limelowa mwili mzima, si kwenye kiungo peke yake.

Hapo anakumbuka. Alfajiri, kabla wenzake hawajafika, aliyashusha maji joto kuliko alivyoagizwa. Alitaka mashine mpya zianze kazi kwa raha. Tangu aanze ufundi, hajawahi kusikia mtu akilaumiwa kwa kuzidisha baridi. Lakini milango ilikuwa wazi asubuhi yote, mizigo ikiingizwa. Hewa yenye unyevu ikaingia nayo, ikagusa bomba, ikageuka matone.

Akinyamaza, nafasi ni yake. Koki ameshafungua begi la vifaa.

Mzee Feni anamtazama akipanga spana zake.

"Haivuji," anasema. "Bomba linatoka jasho. Maji nimeyapoza mno mimi."

Mhandisi anamgeukia. "Nilikwambia vuguvugu, Mzee."

"Uliniambia, mama. Sikuamini kwamba maji vuguvugu yanaweza kupoza kitu."

Milango inafungwa, maji yanarudishwa kwenye joto lililoagizwa, mabomba yanafutwa. Koki anafungua tena. Wanasubiri. Sakafu inabaki kavu, na mashine zinaendelea na kazi kana kwamba hakuna aliyekaribia kupoteza mkate wake.

Jioni uamuzi unatolewa: nafasi ni ya Koki. Mzee Feni atabaki na feni chache zilizosalia, mpaka nazo zitakapong'olewa. Tarehe hajaambiwa.

Koki anamfuata mlangoni, haijulikani nani amwonee nani aibu. Mzee ndiye anayeanza. Anamwomba amfundishe kuunga mabomba.

"Wewe, Mzee? Na maji?"

"Nimegombana nayo vya kutosha."

"Basi kesho njoo na nguo za kulowa."

Hapo ndipo Mzee Feni anapoeleza anachokitaka. Hataki kuagwa kwa keki na hotuba. "Siku wakija kung'oa feni ya mwisho," anasema, "wanikute nimeshika spana ya bomba, niwaambie wapite polepole, wasinigongee kiungo."

Anachukua chupa yake rafuni. Imekaa pale kutwa, ubaridi wote umeisha. Mkewe nyumbani anajua kwamba maji ya namna hiyo huwa anayamwaga.

Leo anayanywa yote.