Uso wa Dada na Chupa Iliyoganda

Mimi na dada yangu tumezaliwa na mama mmoja na tumekula ugali wa sufuria moja, lakini ngozi zetu hazijuani. Yangu, nikitoka nje kidogo tu, pua inang'aa kama nimepakwa samli. Yake ni kavu, baridi ya Julai hapa Mbinga ikija inapasuka pembeni ya mdomo, na ina hasira. Siku ya kipaimara chake alinawa na sabuni ya kigeni aliyopewa zawadi, akavimba. Kwenye picha zote amefumba macho, na picha ile iko sebuleni hadi leo, kila mgeni anauliza huyu alikuwa analia nini.

Kwa hiyo alipopata mchumba wa kule ziwani, hakuwa na hofu ya gauni wala ya wakwe. Alikuwa na hofu ya uso. Kitchen party ilikuwa Alhamisi mchana kwetu Mbinga, Misa ya ndoa Jumamosi kanisani kwao, huko ziwani. Maana yake mekapu itapakwa Alhamisi, itatolewa, halafu itapakwa tena Jumamosi juu ya uso uleule.

"Kazi yako wewe ni kunitoa hiyo mekapu," aliniambia. "Usiponitoa vizuri nitaolewa nimevimba. Umesikia?"

Nilisikia. Tatizo ni kuelewa. Niliingia mtandaoni, binti mmoja anasema ngozi ya mafuta isiguswe na mafuta. Video inayofuata, mwingine mwenye ngozi safi kama yai anasema mafuta ndiyo yanayotoa mafuta. Wa tatu anasema maji maalumu, na ngozi kavu itafute yasiyo na spiriti wala manukato. Nikaenda duka la dawa, dada wa pale akaniuliza, "Ngozi ya nani?" Nikasema ya dada yangu. "Basi mlete yeye." Sasa bibi harusi mtarajiwa atatoka saa ngapi, na nyumba imejaa shangazi? Nikaondoka. Stendi nikanunua pakiti ya tishu za maji za kutolea mekapu. Zilinukia vizuri, na juu pameandikwa zinafaa ngozi zote. Ngozi zote, nikawaza, si na ya dada imo.

Siku hiyohiyo shangazi wa bwana harusi alituma chupa kutoka ziwani. Aliyeileta alisema ni mafuta ya nazi, ya kumtolea bibi harusi mekapu, huko kwao ndiyo wanayotumia. Yalikuwa maangavu kama maji, unaona hadi upande wa pili. Nikayaweka dirishani.

Asubuhi ya Alhamisi, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, naangalia chupa: nyeupe tititi. Imeganda. Naipindua, haimwagiki hata tone.

"Mama, njoo uone! Yameharibika."

Mama akanusa. "Haya ni mafuta ya kukaangia. Yamechanganywa."

Bibi yetu alikuwa jikoni anaota moto, akacheka mpaka akakohoa. "Watu wa ziwani hao. Wamezoea kukaanga samaki wao wa mbasa, sasa wanataka kumkaanga na mjukuu wangu."

"Bibi, si mzaha," nikasema. "Jana yalikuwa maji kabisa."

"Leteni huku basi, nipake visigino." Akaichukua, akaitia kwenye kikapu chake.

Mimi kwa akili yangu nikaona nisikurupuke. Nikajipaka mekapu kidogo, nikajifuta na tishu. Safi. Hakuna kuwasha, hakuna nini. Nikajiona nimemaliza kazi.

Wageni wa kitchen party walianza kuondoka jua likiwa bado juu. Dada akakaa kwenye kigoda, nikaanza na paji la uso, nikaja mashavuni. Poda ilikuwa nzito, nikasugua.

"Inawasha."

"Vumilia kidogo, inatoka."

"Nimesema inawasha! Acha!"

Nikaacha. Tukamwagia maji ya baridi, lakini mashavu yalikuwa yameshaanza kufura, na vipele vidogovidogo vimejipanga hadi kwenye taya. Alijiangalia kwenye kioo cha simu, hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisema tu, "Kama kipaimara," akalala kifudifudi. Nilienda kusoma tena ile pakiti. Ngozi zote. Mimi sijaelewa mpaka leo hao waliandika wakiwa wamemuuliza nani.

Ijumaa tuliteremka ziwani. Dada alijifunika kanga usoni, hajapaka kitu chochote, na ile pakiti ya tishu ameifungia mkobani mwake nisiiguse tena. Kadiri barabara ilivyoshuka ndivyo tulivyovua masweta. Tulipofika kwa wakwe, bibi akafungua kikapu atafute ugoro wake, akatoa ile chupa. Ilikuwa maji. Maangavu, unaona hadi upande wa pili.

Nilimkimbilia yule shangazi nayo mkononi.

"Shikamoo, shangazi. Haya mafuta yana nini? Jana yaliganda, leo yameyeyuka."

"Marahaba, mwanangu. Kwani huko kwenu mnakaa ndani ya friji?" Akageukia wenzake. "Jamani, nazi yetu imeenda Mbinga ikaona baridi!" Wote wakacheka. Halafu akaona uso wa dada, akaacha kucheka. Akampaka tone moja chini ya sikio. "Tusubiri. Likikuwasha, tunamwaga."

Halikuwasha. Asubuhi mashavu yalikuwa yametulia, vipele vichache tu vimebaki. Mpambaji akapaka mekapu nyepesi, sote tukashusha pumzi.

Joto la ziwani hatukulipangia. Misa ilipoisha, wanja ulikuwa umefika shavuni na poda imekatika vipande vipande. Ukumbini ngoma zimeshaanza, mpiga picha anagonga mlango, sisi tuko kwenye chumba cha pembeni cha kanisa, mimi na ile chupa na kipande cha kanga kuukuu.

"Ukinisugua tu," dada alisema, amefumba macho, "nakupiga na gauni hivihivi."

Sikusugua. Nilimimina kiganjani, nikampaka taratibu, nikasubiri wanja ulegee, nikapangusa. Kila mara namuuliza, "Inawasha?"

"Hapana. Endelea."

"Na hapa?"

"Hapana, bwana. Fanya haraka."

Nilipomaliza alijiangalia, akagusa taya, akasema mpambaji asipake tena kitu, mdomo tu. Akaingia ukumbini na uso wake. Bwana harusi alimkodolea macho, akasema kwa sauti, "Afadhali. Asubuhi nilidhani nimeletewa mwingine." Kwenye picha zote amefumbua macho, anacheka, na vile vipele huvioni mpaka uambiwe.

Mimi nilirudi Mbinga na mafuta yaliyobaki, nikasema kama yamemfaa yule mwenye ngozi ya hasira, mimi je? Nikajifutia mekapu yangu nayo. Siku chache baadaye paji lote la uso likajaa chunusi. Nikampigia simu, nimekasirika kweli.

"Sasa mimi nitumie nini?"

"Tishu zako zipo huku mkobani kwangu," alisema dada. "Nakutumia zote. Wewe nirudishie chupa yangu."

Imeganda tena dirishani.