Bramwel Kwenye Gereji ya Fardosa

Fardosa alimtambua Bramwel akiwa bado mbali, akisukuma pikipiki kuelekea gereji yake karibu na msikiti wa Kitale, jasho linamtiririka. Miaka sita nyuma, Fardosa alipokuwa akijifunza ufundi kwa huyu mzee huko Bungoma, alimwona kwa macho yake akifunga betri kinyume na kuunguza nyaya za pikipiki ya mteja mmoja, Kiplangat. Kiplangat alipokuja juu, Bramwel alimnyooshea Fardosa kidole. "Mwanamke na waya wapi na wapi?" Akamfukuza siku hiyo hiyo, na hakuna gereji ya Bungoma iliyomtaka tena.

"Fardosa, binti yangu," Bramwel alisema sasa. "Imenizimikia hapo juu. Nimebadilisha plagi, nimebadilisha koili, bado inakula fyuzi tu. Nisaidie bana."

Fardosa alitia fyuzi mpya, akawasha swichi, taa zikawaka. Akageuza usukani kulia, zikabaki. Akageuza kushoto, zikazima. Fyuzi imeungua tena. Akang'oa tangi, akafuata nyaya kwa vidole mpaka shingoni mwa pikipiki, na hapo akaukuta waya mwekundu umechubuka, shaba inagusa chuma. Kazi ya dakika tano. Akafuta mikono, akaketi.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

Akatoa simu, akatafuta namba ya Kiplangat, ambayo hakuwahi kuifuta, akaweka sauti ya juu. Waendesha boda waliokuwa wakingoja zamu wakasogea kusikiliza.

"Kiplangat, niko na Bramwel hapa. Mzee, mwambie nani aliunguza pikipiki yake."

"Si hayo maneno yaliisha?"

"Basi sukuma mpaka Bungoma."

Bramwel alitazama barabara, akatazama watu. "Ni mimi," akanong'ona.

"Hajasikia."

"Ni mimi niliunguza! Msichana hakugusa!"

"Na mimi nikazunguka gereji zote nikimharibia jina," Kiplangat alisema. "Bramwel, hii steji yote ya boda hapa Bungoma itaisikia leo."

Ndipo Fardosa alipoufunga waya tepu, akausogeza mbali na chuma, akatia fyuzi nyingine. Pikipiki ikanguruma, usukani kushoto, usukani kulia.

"Sasa tumesameheana?" Bramwel aliuliza.

"Pikipiki imepona," Fardosa alisema.

Wiki iliyofuata waendesha boda wawili walimletea pikipiki zao kutoka Bungoma. Walisema kwa Bramwel siku hizi hakuna mtu. Fardosa alijifanya hajasikia vizuri, akawaomba warudie.