Nilikunywa Dawa ya Farasi Wangu

Ndugu zangu, mmeniita nisimame mbele, lakini mtaniwia radhi nikiongea nimekaa. Miguu yangu bado ina ujeuri wake. Wengi wenu hapa Johannesburg mnanijua kama yule Mholanzi anayeongea Kiswahili. Jina langu ni Femke Wakesho. Baba yangu alikuwa Mholanzi, mkulima wa maua kule Naivasha. Mama yangu ni Mtaita, na ndiye huyu wa mstari wa mbele ambaye ameshaanza kulia kabla sijasema lolote. Mama, ngoja kwanza.

Maisha yangu yote yalikuwa farasi. Nilipanda wa kwanza kabla sijajua kusoma. Nilipomaliza sekondari nikaenda Uholanzi, nikazoa mavi ya farasi wa watu mpaka tajiri mmoja akaniruhusu niruke vizuizi na farasi wake. Mchezo wenyewe ni huo: unamrusha farasi juu ya magogo yaliyopangwa uwanjani, kwa kasi, bila kuangusha hata moja. Nilikuwa mzuri. Najua kanisani mtu anatakiwa kuwa mnyenyekevu, lakini nilikuwa mzuri sana. Nililivaa koti la rangi ya chungwa la Uholanzi katika mashindano ya vijana, na baba, Mungu amrehemu, alilia kuliko mama anavyolia leo.

Baadaye tajiri mwingine, wa hapa Sandton, akanunua farasi mweusi aitwaye Donder, akatafuta mtu wa kumpanda. Ndivyo nilivyofika huku. Mpango ulikuwa nishinde naye mashindano ya hapa, kisha nirudi Ulaya kuingia timu ya taifa ya wakubwa. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka duniani.

Kocha wetu alikuwa Mholanzi pia, mzee mmoja mkavu anaitwa Gerrit. Hakuwa na mke wala mtoto. Alitulea kwa matusi, na tulimpenda.

Sasa, mpanda farasi huanguka. Mimi nimevunjika mkono, mbavu na mfupa wa bega. Mgongo ndio haukupona kabisa. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani kwa kupiga magoti kama mtu anayesali, nashika ukuta, ndipo nasimama. Hapo zizini, kwenye stoo ya chakula cha farasi, kulikuwa na kopo la unga mweupe, dawa ya maumivu ya farasi. Huchanganywa na molasi ili mnyama asihisi uchungu wake. Farasi hupewa kijiko kizima. Mpandaji anatia ncha ya kijiko kwenye kahawa. Hakuna aliyekuwa anajificha, ulikuwa utaratibu wa pale kama vile kufagia asubuhi. Mara ya kwanza Gerrit alinikorogea mwenyewe.

"Kunywa," akasema. "Mimi natumia tangu wewe hujazaliwa. Mbona nimesimama?"

Nikanywa. Baada ya muda mgongo ukanyamaza. Ndugu zangu, siwezi kuwaeleza utamu wa mgongo ulionyamaza. Nikaomba kopo langu, nikaliweka nyumbani jikoni kando ya sukari.

Na hapa nicheke kidogo, maana bila kucheka sitafika mwisho. Farasi akienda mashindano makubwa hupimwa damu na mkojo, na dawa ile ikionekana mwilini mwake anafukuzwa. Kwa hiyo Donder tulimwachisha mapema, kwa uangalifu mkubwa, afya yake isije ikaleta maneno. Sisi hakuna aliyetupima, tukaendelea kunywa.

Ilianza tumboni. Moto chini ya kifua, halafu choo cheusi kama lami. Nikajiambia ni nyama choma ya Jumapili. Siku moja baada ya mazoezi nikainama kuvua buti, nikatapika damu juu ya buti zenyewe. Walinikimbiza hospitali, wakaniongeza damu, wakanitia mpira wenye kamera tumboni, wakakuta vidonda. Daktari, mama mmoja mtaratibu, akaniuliza: "Kuna dawa yoyote unatumia?"

Nikamjibu, "Hapana."

Haki ya Mungu sikumdanganya. Naomba mnielewe hapo, kwa sababu watu wengi hawanielewi. Kwangu dawa ilikuwa kitu cha kwenye duka la dawa, kina jina lako juu. Ule unga ulikuwa kitu cha zizini, kama chumvi ya kulamba na mafuta ya kwato. Haukunijia hata kichwani.

Wakanipa dawa za tumbo, nikarudi nyumbani. Mgongo ulikuwa umepumzika kitandani, sasa ukaamka na hasira. Mashindano ya kuchagua wa kwenda Ulaya yalikuwa karibu. Nikaacha ncha ya kijiko, nikaanza kijiko.

Nilishinda. Nasema tu ili mjue. Donder hakugusa gogo hata moja, na wale wachaguzi wa Uholanzi wakapiga simu jioni hiyo hiyo kusema nijiandae. Nilizungumza nao nikiwa nimekaa chooni nikijaribu kukojoa. Kilichotoka ni matone, rangi ya chai ya rangi.

Baada ya hapo ilikuwa mteremko. Miguu ikavimba, buti zikakataa kuingia. Uso ukajaa. Ngozi iliniwasha nikajikuna mpaka shuka zikawa na damu. Kila chakula kilikuwa na ladha ya shaba. Mwishowe nikalala chali nikashindwa kupumua, maji yamepanda kwenye mapafu. Hospitali wakaniambia figo zote mbili zimesimama, na hata damu mpya mwili hautengenezi sawasawa. Wakanitoboa shingoni, wakaingiza mipira miwili, damu yangu ikawa inatoka nje kwenda kusafishwa na mashine na kurudi ikiwa baridi. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana.

Walitafuta chanzo kila mahali. Kisukari, hapana. Presha, hapana. Ukimwi, hapana. Na mimi hapo kitandani mgongo unaniua, nikampigia Gerrit simu. Akaniletea chupa ya mtindi, amekoroga unga ndani. Nikanywa mbele ya manesi. Mmoja akasema, "Eish, afadhali leo unakula."

Mama alipofika kutoka Kenya alinitazama, hakunitambua, akaenda kuangalia kitanda cha pili. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko sindano zote. Aliporudi kwangu hakulia. Akaomba funguo za nyumba, akaenda kunipikia uji.

Akarudi na uji kwenye chupa, na kopo ndani ya mkoba wake.

"Wakesho," akasema, "nilikuwa natafuta sukari. Hiki ni nini, na kwa nini kina picha ya farasi?"

"Ni unga wa mgongo, mama. Kila mtu zizini anautumia."

"Kila mtu nani? Farasi?"

Daktari alikuwa anapita. Mama akamshika koti. Yule daktari akasoma kopo, akasoma tena, akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo madaktari hawafanyi.

"Hii iliondolewa kwa binadamu kwa sababu inaua," akasema. "Inachimba vidonda tumboni, inaua figo, inakausha uboho unaotengeneza damu mifupani. Umetumia muda gani?"

Nikamwambia. Mama akatoka nje. Nilimsikia akipiga kelele, korido nzima ikamsikia. Gerrit alipokuja kesho yake na chupa nyingine, mama alimsimamisha mlangoni na kumwambia maneno ya Kitaita ambayo siwezi kuyatafsiri mbele ya mchungaji. Gerrit alisema kwamba yeye anatumia miaka yote na hajawahi kuumwa, kwamba mimi ni dhaifu. Akaondoka, hakurudi tena.

Uboho ulirudi polepole. Figo moja ilirudi nusu, nyingine imekufa. Bado nakwenda kwenye mashine, ingawa si mara nyingi kama zamani. Maji nayanywa kwa kipimo. Mwenye Donder alimpa mpandaji mwingine, wakaenda Ulaya bila mimi. Daktari amesema sitapanda tena, kwa sababu nikianguka juu ya hiyo nusu figo ndio mwisho. Niliwachukia watu wote. Niliwachukia mpaka nyinyi mliokuja kuniombea, mnisamehe.

Namshukuru Mungu niko hai. Namshukuru mama yangu. Na nyinyi nawaomba: mkiulizwa hospitalini mnatumia nini, semeni kila kinachopita kooni. Mizizi ya shangazi, chai ya kupunguza tumbo, unga wa jirani. Msiamue wenyewe kipi ni dawa.

Kuna jambo la juzi, kisha niwaache. Nilikuwa kwenye mashine, nesi wetu Mkongomani, anayeniita yaya, yaani dada, akanijia mbio.

"Yaya, unisaidie. Kule kuko muzee anakatala sindano. Anasema tu kiluga yenu, mi sisikie kitu."

Nikageuza kichwa. Alikuwa Gerrit. Amevimba, amegeuka manjano, miguu kama magunia, ugonjwa umemsahaulisha Kiingereza chote, anamsukuma daktari kwa mkono. Nilikuwa nimeota mara nyingi kumwona hivyo. Nilingoja furaha ije, haikuja.

Nikaomba kiti chake kivutwe karibu. Nikamweleza yote kwa Kiholanzi, tangu choo cheusi mpaka baridi ya ile damu inaporudi. Alisikiliza kama mtoto. Kisha akauliza, "Nitapanda tena?"

"Hapana," nikamwambia. "Lakini kesho utaamka."

Akanyoosha mkono. Nesi akamchoma.

Jumatatu ana zamu nyingine ya mashine, na nimemwahidi nitakaa naye. Naomba sasa tusimame, yaani nyinyi msimame, tumwombee. Anaitwa Gerrit. Mama, na wewe simama.