Bogenvilia ya Zizini

Jamani, leo maharusi wamekuja kwangu kupiga picha na ndama.

Miaka miwili niliilea bogenvilia pale mlangoni. Maji asubuhi na jioni, samadi kila mwezi. Majani tele, ua hata moja hakuna!

Mwaka jana mama mkwe akaja kutoka Mogitu. Mimi niko sokoni Katesh, yeye kaona miiba mizuri. Akaikata yote, akachomeka matawi kuzunguka zizi la ndama.

Sasa mama mkwe unamgombeza vipi? Nikasema "asante mama", nikaenda kulia jikoni.

Matawi yakachipua. Hakuna aliyeyamwagilia hata kikombe.

Leo gari la harusi likasimama getini. Bibi harusi akashuka: "Shikamoo mama, tunaomba kupiga picha kwenye maua yako."

Nikajifunga kitenge vizuri. Wakanipita, moja kwa moja mpaka zizini. Zizi lote zambarau!

Nikampigia mama mkwe kumweleza. Akacheka:

"Uliinenepesha, mwanangu. Ng'ombe mtamba akinenepa sana hashiki mimba."

Ndama katokea kwenye kila picha. Mimi nimetokea mkono tu, nimemshikia kamba.

Chekeni, nawaona.