Tope Ndilo Linalochuja

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu analijua hilo na amekwisha nisamehe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni Kyambogo na cheti changu, nikawekwa kuwa injinia wa kiwanda cha mafuta ya pamba hapa Kampala. Wenye kiwanda walikuwa wamefukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzao, na serikali ya kijeshi ikamweka kapteni mmoja akisimamie. Kapteni alijua bunduki. Mafuta aliyajua kwenye sahani ya chakula tu.

Mashine iliyokuwa roho ya kiwanda ilikuwa ya kuchujia: sahani nzito za chuma zimesimamishwa na kubanwa pamoja, kila moja imevishwa kitambaa. Mafuta yaliyochanganywa na udongo wa kuyang'arisha yalisukumwa na pampu, udongo ukabaki kwenye kitambaa, mafuta yakatokea upande wa pili. Aliyeiendesha ni Mzee Opio, mtu wa kaskazini, aliyeanza kazi pale kabla mimi sijajua kusoma. Shule hakuiona, lakini mashine ile aliijua kwa sauti yake.

Kila asubuhi Opio alifungua pampu kidogo tu. Mafuta ya kwanza yalitoka na ukungu, naye akayarudisha kwenye tangi la mafuta machafu, tena na tena, karibu nusu saa. Mimi niliona ni uvivu wa kizee. Nilipomuuliza akanijibu, "Kitambaa hapana chuja, injinia. Matundu yake iko kubwa. Tope ikishika pale juu, hiyo tope ndiyo inachuja. Wewe ngoja tope ishike." Nikacheka. Vitabu vyangu vilikuwa vimesema hivyo hivyo, ila nilivisoma kwa ajili ya mtihani.

Sasa asubuhi hiyo lori la kambi ya jeshi lilikuja kungojea mafuta, na kapteni ametoa amri yawe tayari kabla ya saa sita. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikajiambia. Opio akanikataza, nikamsogeza kando, nikafungua pampu zaidi ya nusu. Kwa dakika chache mafuta yalimiminika nikajiona bingwa. Kisha yakapungua, yakawa matone, kwa sababu nguvu ile ilikuwa imeshindilia udongo laini ndani ya nyuzi na kukiziba kitambaa. Mwenye akili angesimamisha hapo. Mimi nilifungua pampu yote. Kitambaa kikapasuka, tope likaingia kwenye tangi la mafuta safi, likaharibu kazi yote ya jana.

Kapteni akaja na askari wawili. "Nani iko kwa hii mashine?" Kila mtu alimtazama Opio, maana mashine ilijulikana ni yake. Kapteni akasema hiyo ni hujuma, akamwambia avue viatu. Wewe hukuziona siku hizo, mwanangu. Mtu akiambiwa avue viatu, alichukuliwa asirudi tena; kwao walianza kulia, na akiwa mtu wa kaskazini walilia zaidi, maana hao ndio waliowindwa. Opio akainama, akafungua kamba za kiatu cha kwanza. Hakunitazama. Akafungua cha pili. Nami nimesimama palepale, naogopa kufa.

Alipokwisha kusimama peku ndipo nikasema, "Afande, ni mimi niliyefungua pampu. Yeye alinikataza."

Kapteni akageuka kulitazama lori. Mpaka leo sijui nini kilimzuia asituchukue. Labda naye alikuwa na wakubwa wake waliokuwa wakingojea lori. Akauliza, "Hii mafuta itapona?"

Opio ndiye aliyejibu, miguu mitupu. "Itapona, afande. Tunachuja tena. Pole pole."

Tulibadilisha kitambaa, tukaanza upya, na mafuta yenye ukungu niliyarudisha mwenyewe kwa ndoo. Jioni lori liliondoka na mafuta safi, ukiyatia kwenye glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Nikamwendea Opio kumshukuru kwa kunyamaza. Hakutaka shukrani. Alisema, "Pampu ulifungua mbio. Mdomo ulifungua pole pole. Ungegeuza." Nililia mbele yake, wala sioni haya kukuambia.

Tangu hapo nimechuja mafuta, sukari na maji ya kunywa, na sijapasua kitambaa kingine. Kwa hiyo nikisema, nasema kwa uhakika. Anza na nguvu ndogo, acha tope lijenge, yarudishe ya kwanza bila aibu. Mtiririko ukipungua usishindane nao; simamisha pampu, fungua sahani, osha kitambaa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Lakini kosa lako, mwanangu, hilo halina cha kungojea. Liseme kabla hawajamgeukia mwenzako, maana mkosaji akikawia, asiye na kosa ndiye anayeadhibiwa.

Mungu akujalie mkono wa taratibu na ulimi mwepesi wa kukiri, na kila utakapofanya kazi akuwekee mtu wa kukukaripia, ukiwa bado una masikio ya kumsikia.