Asali ya Sikonge na Filamu ya Kibulgaria

Jamani, leo mchana nimetunga uongo, na kuna mtu umemshtua.

Mnajua kazi yangu: natia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za nje, moja kwa moja mbele ya watazamaji, hapa kwenye kibanda cha video Tabora. Ya leo ilikuwa ya Kibulgaria, ya enzi za ukomunisti. Mpelelezi, mfungwa, moshi wa sigara mwanzo mwisho.

Kibulgaria sijui hata salamu. Nikabuni, kama kawaida yangu.

Mpelelezi akamwinamia mfungwa, nami nikanguruma: "Mwenzako ulimzika chini ya mizinga ya nyuki kule Sikonge, ukadanganya watu kahamia Igunga!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Kasoro mzee mmoja, muuza asali, mteja wangu wa siku zote.

Filamu ikaisha, watu wakatoka. Yeye kabaki kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Habari za mizinga."

Nikacheka. "Mzee wangu, nimebuni tu!"

Hakucheka. Aliikodolea macho runinga iliyokwishazimwa, kisha akaniwekea chupa ya asali mezani.

"Ya bure hii, mwanangu. Uile leo leo."

Chupa ninayo hapa mbele yangu.

Nyie mngeila?