Barabara Iliyofagiliwa

Wiki jana, nikiwa kwenye foleni katika ofisi ya wadi kule Endarasha, nilimsikia mama mmoja mfugaji akiuliza kwa nini barabara yao haitengenezwi. Siku hizi gari la kaunti hupita likipiga picha, kisha kompyuta yenye akili mnemba huchagua barabara mbovu zaidi ili zitengenezwe.

"Kompyuta inasema yenu ni nzuri, mama," karani akajibu.

"Ati nzuri? Lori ya maziwa imekataa kufika kwetu! Maziwa inaharibika!"

Karani akamwonyesha picha. Mama akainama, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Ngai! Hiyo siku tuliambiwa wageni wa kaunti wanakuja. Tukajaza mashimo na mchanga, tukafagia."

"Mlifagia barabara?"

"Sasa wageni wapate uchafu?"

Karani alicheka hadi akavua miwani. "Gari itarudi mvua ikinyesha. Lakini sitakuambia siku."

"Na chai ya wageni nitaweka saa ngapi?"

Nilicheka pia, kisha nikajiona mwenyewe. Mimi hugombana na jirani yangu wiki nzima, kisha hupatana naye Jumamosi jioni, maana kesho yake ni kanisani. Nashukuru Mungu huniona hata Jumatano, na bado ananitengeneza.